Matairi ya Theluji Kwenye Jua la Kampala

Baba aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala miaka yote ya utoto wangu, na sikumsikia hata siku moja akisema amechagua tairi. Tairi lilipatikana au halikupatikana, basi. Ilikuwa miaka ya magendo. Wahindi walishafukuzwa Uganda mwaka 1972, maduka yamebaki rafu tupu, na mpira wa gari ulikuwa mali ya kufungiwa chumbani. Tajiri wake akibahatika kupata kibali, ni cha matairi mawili, na lori lina miguu kumi. Yaliyopungua Baba aliyatafuta upande wa Kenya: Firestone za Nairobi, saizi ya 900 kwa 20, zenye tyubu ndani. Alizifunga hukohuko Eldoret, kuukuu akaziuza palepale, akavuka mpaka wa Malaba na lori limevaa mapya. Mtu wa forodha hafungui nati za gurudumu.

Tairi likiisha meno lilipelekwa Katwe. Pale alikuwako fundi mwenye kisu kilichopinda mdomo, akikichomeka kwenye jiko la mkaa mpaka kinakuwa chekundu, halafu anachonga mifereji mipya juu ya tairi kipara. Moshi wake ulikaba koo. Alichonga kwa mkono, bila kipimo, akisimama tu pale anapoziona nyuzi za ndani zikianza kuchungulia. Tairi lile likirudi barabarani lilionekana jipya kwa mtu asiyelijua. Likishindwa kabisa ndipo linakwenda kwa mshona lugabire, yale makubazi ya mpira wa tairi, ambaye naye alikuwa na madai yake: alitaka ya nyuzi za nailoni, maana yenye waya wa chuma yalimharibia visu.

Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 1990, serikali iliporuhusu maduka ya kubadilisha fedha. Mwenye dola zake hakuhitaji tena kibali cha mtu. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, usukani kulia kama wetu, na kandokando ya barabara ya Jinja, kuanzia Nakawa kwenda Kireka, yakafunguka yale maegesho makubwa tunayoyaita bondi. Baba, ambaye mgongo ulishaanza kumsumbua, aliacha lori akawa mmoja wa madereva wa kuyatoa magari hayo bandarini Mombasa mpaka Kampala. Kazi ilikuwa nyepesi, lakini alilalamika tangu safari za mwanzo.

“Mwanangu, tairi hizi ni laini kama maandazi,” aliniambia. “Ukifika Mtito Andei saa nane mchana unasikia gari linatambaa juu ya mpira wake.”

Sikumwelewa mpaka nilipoanza mimi mwenyewe kuzurura Kisekka, soko la vipuri lililo karibu na Nakivubo, ambako kila kilichofunguliwa kutoka kwenye gari kina mwenyewe anayekiuza. Hajji mmoja mwenye kibanda cha matairi alinitolea moja. Ubavuni kulikuwa na maandishi ya Kijapani na neno STUDLESS. Akaliegemea kwa kidole gumba, akasukuma jino moja la mpira upande. Jino likafunguka: lilikuwa limekatwakatwa mistari myembamba ya kujipinda, kana kwamba mtu amelipitishia wembe mara nyingi. Alipoachia, mistari ikafunga, usiione tena. Tairi la kawaida halina kitu hicho, au linacho kidogo tu.

Hilo lilikuwa tairi la majira ya baridi. Katika Hokkaido na kaskazini ya kisiwa kikuu cha Japani mwenye gari huwa na seti mbili, ya kiangazi na ya theluji, akibadilisha msimu unapogeuka. Zamani matairi ya theluji yalikuwa na misumari ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini barabara ikiwa wazi ilisaga lami ikawa vumbi, na wakazi wa miji kama Sendai wakawa wanalivuta kifuani kila mwaka. Sheria ya kuizuia ikapitishwa mwaka 1990. Viwanda vilishajitayarisha: Bridgestone ilitoa Blizzak mwaka 1988, tairi lisilo na msumari hata mmoja, mpira wake una vitundu vidogo mno vya kunyonya maji. Kwa sababu kinachotelezesha gari juu ya barafu hasa ni yale maji membamba yaliyo juu yake. Mpira huo pia umetengenezwa ubaki laini wakati ule wa kawaida unapokakamaa, yaani joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi.

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku tunaouita wa baridi, watu wakatoa makoti na kofia za sufi, ni nyuzi 16 au 17. Theluji ya Uganda iko Rwenzori, kuelekea kilele cha Margherita kwenye mita 5,109, na huko hakuna barabara ya gari.

Kwa nini basi magari yafike na viatu hivyo? Lile tairi la Hajji lilitoa jibu. Matairi ya theluji ya Kijapani yana alama ya pili ya kuchakaa, kigongo kidogo ndani ya mfereji, kinachotokeza meno yakiisha nusu. Likifika hapo, Mjapani halihesabu tena kuwa la theluji, ingawa kina kilichobaki kingemtosha mtu wa nchi kavu kwa muda mrefu. Anayeuza gari anaachia seti hiyo iondoke nalo. Kwake limekufa. Likishuka Mombasa, meno nusu ni meno mengi, hasa kwa macho ya watu waliozoea ya kuchongwa Katwe.

Na tuyatendee haki: yalipendwa kwa sababu. Kampala ya miaka ile ilikuwa na lami chache, na hata hiyo ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na lami. Ukitoka Gayaza au Matugga ukaingia ndani kidogo, unakutana na udongo mwekundu ambao mvua ya Aprili inaugeuza sabuni. Hapo tairi la theluji lilifanya kazi vizuri kuliko la kawaida. Mifereji yake mipana ilitapika tope, meno yake yaliyokatwakatwa yalishika, na mwendo wa kilomita 40 kwa saa haukulipa joto la kulidhuru. Madereva wa taksi za Luwero waliyagombania. Wenyewe hawakujali maandishi ya ubavuni. Waliona linapanda mlima ambako la mwenzake limekwama.

Kilichobadilika ni barabara chini ya tairi. Barabara ya mzunguko ya kaskazini ikafunguliwa mwaka 2009. Mitaa mingi ya pembezoni ikapata lami. Mwaka 2018 ikafunguliwa ile ya kasi ya Entebbe, na mtu wa Kampala akaweza kwenda kilomita 100 kwa saa kihalali, mchana, jua kali, kwa dakika nyingi bila kukanyaga breki. Wakati huo nilikuwa na Forester niliyoitoa bondi, imevaa manne ya theluji, na muuzaji alinihakikishia, “Ni Japani asilia, ssebo.” Kwenye barabara hiyo nilikumbuka malalamiko ya Baba ya Mtito Andei. Ukigeuza usukani, gari linangoja kidogo kabla ya kutii. Meno yanapinda kwanza, ndipo linafuata. Mvua ya mchana ikinyesha juu ya lami ya moto, breki inachukua urefu ambao hukuutarajia. Na mpira unaisha ukiutazama: kingo za nje zililika zikawa na vumbi jeusi kila nilipopitisha kiganja.

Watu husema matairi hayo hupasuka kwa sababu hayakuundwa kwa mwendo. Si kweli hivyo. Mengi yana herufi Q ubavuni, maana yake yanavumilia kilomita 160 kwa saa, kasi ambayo hapa hukamatwa nayo na polisi au na mti. Yanapasuka kwa vitu vitatu vikikutana: joto, upepo mdogo na umri. Umri ndio ambao hatukuwa tukiuangalia. Mwisho wa msimbo wa DOT ulio ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa. 4409 ni wiki ya 44 ya mwaka 2009. Sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 na zaidi, na watu wakajifunza kuuliza mwaka wa gari kwa ukali. Mwaka wa tairi haukuulizwa na mtu. Ya Forester yangu yalikuwa yametimiza miaka kumi, yamekaa chini ya gari la watu huko Japani, kisha melini, kisha juani Kireka.

Katika siku hizohizo dada yangu, anayeishi Montréal, akanipigia simu. Kule Quebec sheria inalazimisha matairi ya majira ya baridi tangu tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, nayo lazima yawe na ile alama ya mlima wenye kipande cha theluji ndani yake. Herufi M+S, za tope na theluji, peke yake hazitoshi. Alitaka kujua anunue seti ya pili ya theluji, au anunue matairi ya hali zote za hewa, yenye alama hiyohiyo, ayaache mwaka mzima. Eti mimi ndiye mtu wa magari katika familia. Nilicheka. Kitu anachotakiwa kulipia mamia ya dola, mimi nimepewa bure juu ya gari na nakitafutia mnunuzi.

Lakini swali lake lilikuwa la haki, na tuliliongea kwa muda mrefu. La hali zote ni maafikiano: mpira si laini sana wala mgumu sana, linavuka theluji ya kawaida bila shida, huhitaji kulipa fundi mara mbili kwa mwaka wala kutafuta pa kuhifadhi seti nyingine. Dada anakaa ghorofa ya tatu, hana stoo. Upande wa pili, juu ya barafu tupu halilifikii la theluji lenyewe. Nikamuuliza anatoka kazini saa ngapi. Akasema saa kumi usiku, kabla magari ya kusafisha theluji hayajapita mtaani kwao. Basi, nikamwambia, nunua ya theluji, mwombe fundi akuwekee yale mengine kwa ada. Ndivyo alivyofanya.

Baada ya simu ile niligundua kwamba swali hilohilo tunalo sisi, ila misimu yetu ni lami na tope. Mwenye Hilux na shamba Kiboga anajiuliza anunue matairi ya tope yenye meno makubwa, au yale ya mchanganyiko. Mimi nasema ya mchanganyiko, kwa sababu shamba ni kilomita chache za mwisho, na ya tope yanakupigia kelele lami yote ya kwenda na kurudi, yakila mafuta. Anayeishi Bundibugyo au anayefanya kazi Karamoja msimu wa mvua ana hoja nyingine. Kwa gari la mjini sina ubishi: tairi jipya la kawaida, hata la Kichina, ambalo tarakimu zake nne ni za mwaka huu au uliopita. Najua wapo watakaonisuta. Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa cha Firestone kilifunga uzalishaji mwaka 2016, na Mjapani wa miaka kumi na miwili bado anasifiwa vibarazani kuliko Mchina wa miezi mitatu. Sifa hizo zingekuwa na maana kama mpira ungekuwa mvinyo.

Hajji wa Kisekka sasa ana mafungu mawili kibandani. Mteja wa Entebbe akigusa fungu la theluji anamwondoa mkono. “Hilo si lako, mwanangu, wewe unakimbia,” anamwambia, kisha anamwonyesha tarakimu kwa tochi ya simu. Fungu lenyewe halikai: mvua za Machi zikikaribia analipandishia bei. Manne yangu nilimpa auze mapema, nikamwonyesha umri wa matairi hayo, naye akamwonyesha mnunuzi. Yalichukuliwa na mtu wa Nakaseke anayebeba maziwa kwa pikapu, barabara yake yote ni udongo na mwendo wake ni wa kuchunga makopo yasimwagike. Mwaka uliofuata alirudi kuulizia mengine ya saizi ile ile, akitaka yasizidi miaka mitano.