Mji wa Isiolo Utazamwapo Kutoka Juu

Desturi ya wasafiri wengi, wafikapo katika mji mashuhuri, ni kutafuta mahali palipoinuka ili wauone mji wote kwa mtazamo mmoja. Huko Paris watu hupanda mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889, ambao leo una kimo cha meta 330. Katika Nairobi hupanda jumba la mikutano la Kenyatta, lililofunguliwa mwaka 1973, lenye kimo cha meta 105. Wengi hupiga picha, wakashuka, wakaenda zao. Lakini mtu akitulia huko juu aweza kufahamu jambo ambalo ni vigumu kulifahamu akiwa barabarani, nalo ni sababu ya mji kujengwa pale ulipo. Juu ya Paris ataona mto Seine na kisiwa kilichomo, ambacho ni kitovu cha mji wa kale. Juu ya Nairobi ataona upande mmoja uwanda wa Athi, na upande wa pili nchi iinukayo kuelekea milimani. Basi atajua kwa nini wajenzi wa reli, walipofika hapo mwaka 1899, waliweka kituo kikubwa kabla ya kuanza kupanda.

Mji wa Isiolo hauna mnara wa namna hiyo, wala hauhitaji, kwa maana barabara iendayo huko yatosha. Msafiri atokaye Nanyuki hupita Timau, penye mashamba ya ngano na shayiri, kimo cha zaidi ya meta 2,000, huku Mlima Kenya ukiwa mkono wake wa kuume. Baridi ya hapo humlazimu mtu kuvaa koti. Kisha barabara huanza kuteremka, na upande wa kushoto nchi ya kaskazini hufunuka: nyika ya rangi ya kahawia isiyo na mwisho, na vilima vilivyosimama mbalimbali. Kukiwa kweupe, huonekana hata Ololokwe, mlima wenye kilele bapa ambao Wasamburu huuheshimu sana. Kadiri ashukavyo, joto huzidi na koti huvuliwa, mpaka mabati ya Isiolo yang'ae mbele yake, karibu meta 1,100 juu ya bahari.

Kutoka huko juu sababu ya mji huu huonekana wazi. Isiolo uko pale mashamba yanapokoma na malisho yanapoanza. Juu ni nchi ya jembe na trekta. Chini ni nchi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia. Pande mbili hizo zilihitaji mahali pa kukutania, na hapo ndipo mji ulipokua. Baada ya vita vya 1914–1918, askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa nafasi ya kukaa hapo. Katika enzi ya ukoloni, nchi ya kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu hakuweza kuingia bila kibali. Isiolo ukawa mlango wake. Leo mlango huo u wazi, na barabara ya lami, iliyokamilika katika miaka ya 2010, yafika Moyale, kama kilometa 500 mbele.

Jambo la pili lionekanalo kutoka juu ni maji, nalo ndilo kubwa zaidi. Mistari ya miti ya kijani hushuka kutoka mlimani na kuingia katika ukavu. Hiyo ni mito iendayo kuujaza Ewaso Ng'iro, upitao Archer's Post na Merti hadi kinamasi cha Lorian. Maji yaleyale humwagilia mboga na maua ya mashamba ya juu. Tangu miaka ya 1980 mto huo umekauka mara nyingi wakati wa kiangazi katika sehemu zake za chini, na wafugaji wamelazimika kuchimba mchanga ili kunywesha wanyama. Mkulima afunguaye mfereji wake Timau hamwoni mfugaji wa Merti, wala mfugaji hamwoni mkulima. Hata hivyo hao ni watu wa mto mmoja. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitoa nafasi ya kuundwa vyama vya watumiaji wa maji, ili watu wa juu na wa chini wakae pamoja na kupatana zamu. Ugomvi mwingi wa kiangazi waweza kuzuiwa hapo kabla haujafika kwenye silaha.

Hata hivyo, aliye juu haoni yote. Haoni akina mama wa Isiolo wakikusanya maziwa ya ngamia yasafirishwayo kwa basi hadi Nairobi. Hasikii Kiborana, Kisomali, Kiturkana cha wafanya biashara wa Turkana, Kisamburu na Kimeru vikisemwa katika soko moja, na Kiswahili kikiviunganisha. Kwa ajili ya hayo sharti ashuke.

Basi apitaye njia hiyo na asimame kidogo asubuhi, kabla vumbi na joto havijaifunika nyika, autazame mji na mito yake. Kisha ashuke sokoni, akawasikilize wenyeji wakisema habari za mvua na za mto. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini aliyetazama kutoka juu na kusikiliza chini ndiye atakayerudi kwao na habari kamili ya Isiolo.