Barua kutoka Southampton: Simu ya Nahodha

Nawaletea leo habari ya watu wa huku Uingereza waendao baharini pasipo kutafuta samaki wala kuchukua shehena, bali kwa kustarehe tu, na ya programu wanazozitia katika simu zao kabla ya kung'oa nanga. Mlango wa bahari uitwao Solent, ulio baina ya pwani hii na kisiwa cha Wight, hujaa matanga siku za Jumamosi na Jumapili za kiangazi hata mgeni akadhani hakuna nyumba isiyo na mashua. Na katikati ya umati huo hupita marikebu za makontena zenye urefu wa mita 300 na zaidi, ambazo manahodha wake, hata wangetaka kwa moyo wao wote, hawawezi kuzisimamisha ghafla. Kwa ajili hiyo bandari imeamuru kuwa, katika sehemu ya tahadhari iliyo njia ya kuingilia, meli iliyozidi mita 150 isikaribiwe na chombo kidogo kwa mita 1,000 mbele yake na mita 100 kila ubavu.

Ndiyo maana wengi huipenda programu ya MarineTraffic, iliyozaliwa Ugiriki mwaka 2007, ambayo hukusanya ishara za redio zinazotolewa na meli na kumwonyesha mtazamaji jina la kila moja, mwendo wake na bandari iendayo. Walakini ishara hizo aghalabu hupokelewa kwanza na mitambo ya nchi kavu, zikapita katika intaneti ndipo zifike simuni, hivyo huweza kuchelewa. Na vyombo vidogo vingi havitoi ishara yoyote. Asiyemo katika kioo cha simu yamkini yumo mbele ya omo.

Mintarafu ya upepo, hutumika sana Windy, kazi iliyoanzishwa mwaka 2014 na Mcheki Ivo Lukačovič, ambayo huzichora pepo zikitiririka juu ya ramani kwa uzuri unaoweza kumsahaulisha mtu alichokuwa anakitafuta. Miongoni mwa hesabu inazozitumia ni zile za kituo cha utabiri cha Ulaya chenye makao Reading, ambazo huigawa dunia katika miraba ya kilomita 9 hivi. Kwa hiyo upepo unaobanwa baina ya vilima viwili au unaovunjwa na rasi hauonekani humo, na aliyezoea kutazama matlai na rangi ya maji bado ana la kumfundisha mwenye simu.

Habari za maji kujaa na kupwa hutolewa bure na idara ya ramani za bahari ya Uingereza, nazo hapa zina ajabu yake, kwa kuwa Southampton maji hufika ukomo wa kujaa mara mbili kabla ya kuanza kupwa. Kuna na fungu la mchanga liitwalo Bramble, ambalo huibuka wakati wa bamvua, na kila mwaka watu wa vyama viwili vya matanga huteremka juu yake wakacheza kriketi mpaka bahari iwafukuze. Mimi sijapata kuelewa furaha ya mchezo huo hata nchi kavu.

Ramani ndiyo jambo zito kuliko yote. Navionics, ambayo kampuni ya Garmin iliinunua mwaka 2017, humwekea mtu vina, maboya na miamba katika kiganja, na kama ameihifadhi ramani mapema, humwonyesha mahali alipo hata pale mtandao wa simu usipofika, maana ishara za setilaiti hazitegemei minara. Lakini ramani za namna hii zina hila moja: ukizitazama kwa mbali, huficha mambo madogo ili zisijae maandishi. Mwezi Novemba 2014 chombo cha mashindano cha Vestas, chenye mabaharia mahodari na kompyuta bora kuliko simu yoyote, kilipanda usiku juu ya miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi. Na uchunguzi ulibainisha kuwa mwamba ulikuwamo ndani ya ramani, ila hawakuikuza kiasi cha kuuona. Mabaharia wote 9 walisalimika. Tangu nisome habari hiyo, sina imani na mtu anayejisifu kwa ramani ya kiganjani kabla hajaikuza njia yake yote kwa kidole, tangu gati hata gati.

Simu yenyewe nayo ina udhaifu wake: kioo kilicholowa maji ya chumvi hakitii kidole, betri huisha, na wito wake humfikia mtu mmoja tu, ilhali redio katika chaneli 16 husikiwa na kila chombo kilicho karibu.

Programu niithaminiyo kupita zote haina hata picha ya kuvutia. Huitwa SafeTrx, ni ya bure, na walinzi wa pwani wa Uingereza huihimiza. Mtu huandika chombo chake, idadi ya waliomo, aendako na saa ya kurejea; saa ikipita naye hajatoa habari ya kufika, ujumbe humwendea jamaa aliyemchagua, naye huwaarifu walinzi, ambao huzikuta habari zote tayari.

Kwetu nako, Mombasa na Dar es Salaam, kuna vituo vya kuratibu uokozi baharini, na wavuvi wa ngarawa pamoja na wachukuzi wa watalii wa Nungwi na Lamu karibu wote wana simu, ingawa nyingi ni za kitochi. Vijana wetu mnaotunga programu, fanyeni ya namna hiyo kwa Kiswahili, iende kwa ujumbe mfupi au kwa zile namba za nyota na reli tunazotumiana fedha, isihitaji intaneti wala simu ya bei. Aliye tayari kuianza na aniandikie kwa anwani ya gazeti hili, nami nitampelekea maelezo yote ya jinsi ya huku inavyotenda kazi.