Kabla hujafungua tawi Goma

Nimekuwa kimya kwa muda kwa sababu ya kazi, na leo nataka kuandika kuhusu kazi yenyewe. Wale waliozoea kusoma hapa habari za Linux na simu wanisamehe kidogo. Haya pia ni mambo ya tarakilishi, ila yamechanganyika na vita.

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Wakenya wengi wamekuwa wakiitazama kama soko jipya. Benki zetu zilitangulia. Equity ilinunua ProCredit ya Kongo mwaka 2015, kisha BCDC mwaka 2020. KCB nayo ikachukua sehemu kubwa ya Trust Merchant Bank Desemba 2022. Nyuma ya benki hufuata wafanyabiashara wa kadiri, na nyuma yao tunafuata sisi waandishi wa programu na laptopu zetu. Ndivyo nilivyopata kazi ya kuandika programu ya stoo na malipo kwa kampuni moja ya Nairobi (jina naliweka kapuni) inayouza vipuri vya pikipiki, yenye duka Goma.

Kampuni ilikuwa na waraka wa hatari, kama kampuni yoyote inayojiheshimu. Kulikuwa na mstari wa wizi, mstari wa bei ya dola, mstari wa volkano (Nyiragongo ililipuka Mei 2021), na mstari mmoja ulioandikwa "vita". Mbele ya vita paliandikwa: bima, na kufunga duka kwa muda. Basi. Nani ataisoma hiyo bima? Bima nyingi za kawaida za mali husema wazi kwamba hazilipi hasara ya vita. Kinga hiyo hununuliwa kando, kwa bei yake.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Umeme, maji na intaneti vilikatika sehemu kubwa ya Goma, na maghala yakaporwa, yakiwemo ya WFP. Duka letu halikuchomwa wala halikuporwa. Kwa waraka ule, kampuni ilikuwa imenusurika. Shida zote ninazozieleza hapa chini zilianza baada ya hapo.

Kwanza, pesa. Benki za Goma zilifunga milango na zikakaa hivyo kwa miezi mingi ya mwaka 2025. Benki Kuu ya Kongo ilifunga tawi lake, uwanja wa ndege ukafungwa, kwa hivyo noti mpya hazikuwa na njia ya kuingia. Pesa za simu ziliendelea kufanya kazi: M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money, Orange Money. Sisi Wakenya tukisikia hivyo tunapumua, tunadhani mambo yamekwisha. Lakini wakala ni lazima awe na noti za kukupa. Wakala mmoja alimwambia mfanyakazi wetu, "Makuta iko mu simu, ila mu mukono haiko." Aliyekuwa na noti alizitoa kwa kamisheni aliyoitaka yeye. Wengine walivuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta benki.

Sasa fikiria programu. Nairobi, shilingi mia moja ya simu na shilingi mia moja ya mfukoni ni kitu kimoja. Goma ya Februari 2025 hazikuwa kitu kimoja. Dola safi ilikuwa na thamani yake, dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa (hilo ni la Kongo tangu zamani), pesa ya simu ina bei yake, faranga ya Rwanda ina yake. Tuligawanya akaunti ya pesa ikawa nne. Kisha likaja swali ambalo halikuwa la programu: mshahara ukitumwa kwa simu, kamisheni ya kuutoa ni ya nani? Bila uamuzi, analipa mfanyakazi. Ilichukua majuma mawili ya barua pepe mpaka kampuni ikakubali kuibeba.

Pili, kodi. Mzigo unaotoka Mombasa kupitia Kampala unaweza kuingilia Bunagana, na Bunagana iliangukia mikononi mwa M23 Juni 2022. Baada ya Goma, forodha na ofisi za kodi za mji nazo zikawa chini yao. Kwenye programu kulikuwa na sehemu moja ya mamlaka ya kodi. Sasa mamlaka ni mbili: moja iko Kinshasa na ndiyo iliyokupa leseni, nyingine iko mlangoni na ina bunduki. Ukiilipa ya mlangoni, ya Kinshasa inaweza kukuita mfadhili wa waasi. Usipoilipa, duka halifunguliwi.

Na si Kinshasa peke yake. Umoja wa Mataifa uliiweka M23 kwenye orodha ya vikwazo tarehe 31 Desemba 2012. Julai 2024 Marekani iliuwekea vikwazo muungano wa AFC, ambao M23 imo ndani yake. Kampuni inayoweka hesabu zake kwa dola hutegemea benki za Marekani, apende asipende mwenyewe. Aprili 2025 M23 walifungua tena CADECO, benki ya akiba ya serikali, mjini Goma. Mtu anayehitaji kununua unga atasema afadhali. Lakini mwanasheria wa kampuni aliyeko Nairobi hawezi kulala.

Kuna mtu ofisini alipendekeza malipo hayo tuyaandike kama "gharama nyingine". Nilikataa, na sababu yangu ilikuwa ya kikazi: siku mkaguzi atakapokuja, risiti iliyoandikwa ukweli inaweza kutetewa na wakili, lakini risiti iliyofichwa haina utetezi, na jina lililo chini yake ni la msichana wa stoo aliyeibonyeza. Mwishowe waliacha kuagiza mzigo mpya mpaka wakili atoe ushauri. Mauzo yaliumia sana.

Tatu, kufuli. Kampuni iliagiza tangu mwanzo kwamba mashine ya duka isipowasiliana na seva ya Nairobi kwa saa 72, programu ijifunge. Ni dawa nzuri ya wizi wa ndani, nimeiona ikifanya kazi katika maduka ya Nakuru na Eldoret. Goma, intaneti ilipopotea, dawa hiyo ilimfungia nje mtu pekee aliyekuwa bado kazini. Kanuni iliyotungwa kwa kuwa humwamini mfanyakazi haikufai siku ambayo huna mwingine wa kumwamini ila yeye. Tuliiondoa laini ya simu ilipopatikana tu.

Nne, na hapa ndipo nilipokosa usingizi: majina. Duka lilikuwa likikopesha. Katika daftari la madeni kulikuwa na waendesha pikipiki, mashirika, na pia askari polisi, wanajeshi na maofisi ya serikali, maana nao wana pikipiki. Jina, namba ya simu, mtaa. Mji ukiwa na serikali moja, hiyo ni orodha ya wadeni. Mji ukibadilisha mikono usiku mmoja, orodha hiyo hiyo inamwonyesha mgeni mwenye bunduki nani alikuwa nani na anaishi wapi. Agosti 2021, Taliban walipoichukua Kabul, dunia nzima iliogopa jambo la namna hiyo, kwa sababu mashine za alama za vidole na hifadhi za majina ya wafanyakazi wa serikali ziliachwa nyuma.

Dada wa stoo ndiye aliyeuliza kabla ya mkubwa yeyote. Aliniandikia, "Kaka, ile liste ya madeni ingali mu mashini?" Ilikuwamo. Bosi aliogopa kupoteza madeni, na hofu yake ilikuwa ya haki, pesa ni pesa. Tulichofanya ni hiki: mashine ya Goma ilibakiwa na namba ya mteja tu, majina yakakaa Nairobi, na daftari la karatasi likachomwa kwa idhini ya bosi. Baadhi ya madeni hayakulipwa na hayatalipwa. Mimi naona hiyo ni bei halali. Na msisahau kwamba hatari hii ina pande mbili: serikali ikirudi, orodha ya walionunua na waliolipa kodi wakati wa M23 nayo itatafutwa.

Tano, pasipoti yako. Desemba 2023 muungano wa AFC ulizinduliwa hapa hapa Nairobi, na Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Tarehe 28 Januari 2025, waandamanaji waliokasirishwa na vita vya Goma walishambulia balozi kadhaa mjini Kinshasa, na ya Kenya ilikuwemo. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma. Mwenye tawi huko anaweza kulipia neno lililosemwa na mtu mwingine kwenye mkutano wa Nairobi.

Simwambii mtu asiende. Watu wa Goma wanahitaji vipuri, dawa na kazi kama watu wa Thika, na biashara zote zikikimbia wanabaki na bunduki peke yake. Ila nikipewa kazi kama hii tena, sitaandika hata mstari mmoja wa programu kabla ya kupata majibu ya maswali haya kwa maandishi: Benki zikifunga, mishahara itafika mkononi vipi na kwa gharama ya nani? Mtoza kodi wa pili akija, nani ana mamlaka ya kuamua, na je, mtu huyo anapatikana usiku? Ni majina gani yaliyomo kwenye mashine ambayo hayana haja ya kuwa huko? Nani anaruhusiwa kuyafuta bila kuomba ruhusa?

Hilo la mwisho sisi tumeshalijibu. Ni dada wa stoo. Nimemwekea kitufe chake, na bosi ametia sahihi.

Ninyi mnaofanya kazi na makampuni yenye matawi Juba, Mogadishu au Bunia, mnafanyaje? Tuelimishane. Mpaka wakati mwingine, kwaherini.