Siku Niliyompeleka Mume Wangu Seneti

Tukienda Nairobi na wapenzi wetu, wengi tunazijua njia zetu. Asubuhi kuangalia simba mbugani, mchana madukani Westlands, jioni nyama choma, na katikati picha mbili tatu pale KICC za kuwarusha roho walioachwa nyumbani. Sikatai, raha ni raha. Ila safari hii nakupeleka mahali hakuna muziki wala nyama, na kiingilio ni kitambulisho chako tu: ukumbi wa Seneti ya Kenya. Usicheke kwanza, nisikilize.

Hamisi wangu ni nesi katika hospitali ya kaunti moja ya Pwani, sitaitaja. Mimi ni mtoto wa Tanga niliyeolewa ng'ambo ya mpaka, na nilipoingia kwenye ndoa hii nilikuta neno ambalo kwetu Tanga halina uzito wowote: mgawo. Kenya, sehemu kubwa ya pesa za kaunti hutoka serikali kuu. Mgawo ukichelewa Nairobi, mshahara unachelewa Pwani. Mshahara ukichelewa, fundi wa vigae anakunja kamba yake na kwenda zake, jiko linabaki saruji tupu, na mimi na mume wangu tunaanza kujibizana kuhusu unga. Wenzetu wanagombana kwa sababu ya wivu na meseji za usiku. Sisi ugomvi wetu mkubwa, miaka mitatu sasa, ni tarehe tano ya mwezi.

Nikamwambia, "Mume wangu, twende tukawaone hao wanaoujadili mshahara wako." Akanitazama kama nimechanganyikiwa, lakini alikuwa na likizo. Tukapanda treni ya asubuhi Miritini, daraja la kawaida, tukala viazi karai na kuwatafuta tembo dirishani kule Tsavo, mchana tukawa Syokimau. Kesho yake, Jumatano, tukaenda Bungeni.

Majengo ya Bunge yapo Parliament Road, katikati kabisa ya jiji, ukiuona mnara wa saa umefika. Pembeni yake amelazwa Mzee Jomo Kenyatta. Nyuma kumeota jengo jipya la ofisi za wabunge, ghorofa 28, lililozinduliwa Aprili 2024. Miezi miwili tu baadaye, tarehe 25 Juni 2024, vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha wakaingia humu ndani kwa nguvu, sehemu ya majengo ikashika moto, na nje watu wakapigwa risasi wakafa. Kwa hiyo usitarajie kuingia hapa kama unaingia sinema. Utakaguliwa, utaulizwa unatoka wapi, utakaguliwa tena.

"Shikamoo," nikamwambia askari mtu mzima pale mlangoni, mazoea ya Tanga. Akacheka mpaka mwenzake akageuka. "Wewe ni wa Tanzania." Halikuwa swali. "Karibuni, dada, lakini simu mnaacha hapa." Tukaziacha. Sikumbuki mara ya mwisho mimi na Hamisi kukaa saa tatu bila simu, tukiwa macho.

Sasa kidogo kuhusu wenye nyumba. Kenya ilikuwa na Seneti tangu uhuru, mwaka 1963, ikafutwa 1966 na nchi ikabaki na bunge moja, kama sisi Dodoma. Katiba ya 2010 ikaifufua, na baada ya uchaguzi wa 2013 ikaanza kazi tena. Ina wajumbe 67 mbali na Spika. Kati yao 47 wamechaguliwa, mmoja kila kaunti, wanawake 16 wameteuliwa na vyama, vijana ni wawili na watu wenye ulemavu wawili. Kazi yao kwa mujibu wa Katiba ni kuziwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Watu huiita bunge la juu, lakini usiseme hivyo mbele ya mtu wa Bunge la Taifa, maana ugomvi wa nani mkubwa kati ya nyumba hizi mbili haujaisha tangu 2013. Umewahi kuona mawifi wawili wakigombea jiko moja? Ndiyo hiyo.

Saa nane na nusu mchana ukumbi mzima ukasimama, sisi wa juu pia. Spika akaingia akiwa ametanguliwa na ofisa aliyebeba siwa begani. Mimi nilipigwa butwaa na jina lenyewe. Kwetu watu wa Pwani siwa ni baragumu, lile la Pate la pembe ya ndovu na la Lamu la shaba, lililokuwa likipulizwa kwenye sherehe za wakubwa, harusi zikiwemo. Huku siwa ni rungu la heshima, linalazwa mezani na halitoi sauti yoyote, lakini lisipokuwepo hakuna kikao. Spika wa sasa, Amason Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi kabla ya kuchaguliwa Spika mwaka 2022, ni mtu wa Pwani, kwa hiyo Hamisi akajinyoosha kidogo kwenye kiti kana kwamba ni mjomba wake.

Dua ikasomwa, kisha kazi. Na kazi yenyewe, nisikudanganye, inaanza pole pole. Hati zinawasilishwa mezani. Maombi ya wananchi yanasomwa. Halafu zinakuja taarifa, na hapo ndipo nilipokaa vizuri, maana ni kama kusikiliza nchi nzima ikisema kinachoiuma, kaunti baada ya kaunti. Daraja lililosombwa na mvua. Zahanati iliyojengwa ikafungwa kwa kukosa dawa. Wafanyakazi wa afya ambao hawajalipwa. Hamisi akanigusa kiwiko. Haikuwa kaunti yake, lakini ni kama walikuwa wanasoma daftari la madeni letu.

Wanachangia kwa Kiingereza au Kiswahili, na kanuni ina masharti matamu: ukianza kwa lugha moja, unamaliza kwa hiyo hiyo. Huchanganyi. Kwa watu wa Nairobi, ambao sentensi moja ina lugha tatu, hiyo ni adhabu kabisa. Seneta mmoja alianza kwa Kiswahili kizuri, "Asante, Bwana Spika, kwa kunipa fursa hii," akatiririka mpaka alipofika mambo ya zabuni na ukaguzi wa hesabu. Akasimama katikati ya sentensi kama aliyekanyaga mwiba. Wenzake wakaanza kumrushia maneno kutoka pembeni, hata wa chama pinzani. Mwingine akainuka, "Hoja ya nidhamu!", na hoja yenyewe ilikuwa ni neno lile lile, kwamba amelitumia sivyo. Pale nilicheka kwa mkono mdomoni.

Lakini Hamisi alikuwa anahesabu viti. Ana tabia hiyo ya wodini, anahesabu kila kitu. "Wako kumi na wanane," akaninong'oneza. Baadaye kidogo, "Sasa kumi na mmoja." Akidi yao ni 15. Kengele ikapigwa, wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengine wakifunga vifungo vya koti. Kikao kikaendelea. Mume wangu hakusema kitu, alikunja tu mikono kifuani, na nikamwelewa. Yeye akitoka wodini bila kukabidhi zamu anaandikiwa barua.

Kilichonigusa mimi ni jambo jingine, namna wanavyopiga kura. Jambo likiwa linahusu kaunti, haijalishi kaunti ina maseneta wangapi ukumbini: kaunti moja, kura moja. Hoja ili ipite inataka kaunti 24 kati ya 47. Seneta aliyechaguliwa ndiye mkuu wa ujumbe, na Katiba inamtaka ashauriane na wenzake wa kaunti hiyo kabla ya kuamua, lakini uamuzi unabaki wake. Sasa fikiria. Mwaka 2013 hakuchaguliwa mwanamke hata mmoja, wote waliingia kwa kuteuliwa. Watatu wa kwanza kushinda kwa kura walikuja 2017: Susan Kihika wa Nakuru, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Fatuma Dullo wa Isiolo. Seneta aliyeteuliwa anaweza kuzungumza vizuri kuliko wote mchana kutwa, halafu saa ya kura mwenye neno la mwisho ni mkuu wa ujumbe. Dada zangu mlioko kwenye ndoa, mnanisikia? Nilimgeukia mume wangu nikamtazama tu. Akajifanya anasoma ratiba.

Tulipotoka kunyoosha miguu ndipo tukabishana hasa. Yeye anasema hii ni nyumba ya maneno, watu wanalipwa kuongea. Mimi nikamkumbusha 2020. Mwaka ule walitakiwa kupitisha fomula mpya ya kugawana shilingi bilioni 316.5. Kaunti zenye watu wengi zingepata zaidi, na nyingi za Pwani na Kaskazini zingepunguziwa. Vyama vikapasuka, maseneta wa Jubilee na ODM wakajikuta upande mmoja dhidi ya wenzao wa Jubilee na ODM. Kikao baada ya kikao wakakosa kura za kutosha. Tarehe 17 Agosti polisi wakawakamata maseneta watatu siku ya kikao, wenzao wakagoma kuendelea. Ni mpaka tarehe 17 Septemba walipokubaliana: fomula ingeanza mwaka uliofuata, mfuko ukishakuzwa hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti inayopokonywa.

"Hizo wiki zote unazosifia," Hamisi akanijibu, "mimi nilikula kwa daftari la dukani."

Ni kweli, na sina jibu la kumshinda. Waliokuwa wanasubiri si maseneta. Lakini wangepiga kura haraka haraka mwezi Juni, kaunti kama ile anayofanyia kazi ingepoteza pesa miaka mingi mbele. Ninachojua ni kwamba mtu aliyeko mbali anahitaji mwenye kukaa pale mjini akatae kwa niaba yake, hata kama kukataa kwenyewe kuna gharama.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa afadhali. Bunge la Taifa lilisema bilioni 405, Seneti ikasema 465. Nyumba mbili zikikataana hivyo, Katiba inazipeleka kwenye kamati ya usuluhishi, idadi sawa kila upande, na wana siku 30 za kupata lugha moja, la sivyo muswada unakufa. Wakakutana kwenye 415. Ukipiga hesabu utaona Seneti ndiyo iliyosogea zaidi. Hamisi anasema hiyo anaijua, ni kama anavyopatana nami bei ya kitenge.

Ukitaka kwenda, vikao vya alasiri huwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa nane na nusu, isipokuwa wakati wa mapumziko yao, kwa hiyo ulizia kwanza. Chukua kitambulisho au pasipoti, vaa kiheshima, na kunywa chai kabla. Msikae karibu na wanafunzi wa ziara, hamtasikia kitu.

Kwenye treni ya kurudi nikatoa kalamu, tukapanga mgawo wa nyumba yetu wenyewe nyuma ya bahasha. Katiba yao inataka kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na sisi tukakubaliana asilimia 15 ya kila mshahara iende kwa mama zetu, mmoja Tanga, mmoja Pwani ya Kenya. Vigae vikapewa mwezi wa tatu. Mpaka tunapita Voi tulikuwa hatujakubaliana kama kigezo cha kina mama kiwe idadi ya wajukuu au umbali wa kijiji.