Mjafari, Mndimu na Kipepeo wa Uani

Aghalabu tunapoutaja utamaduni wetu hutaja ngoma na methali, tukausahau uani. Katika nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo, nyuma ya ukumbi na vyumba vyake palikuwa na mndimu, nao ulikuwa na mgeni wake: kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Hutaga mayai mojamoja juu ya majani machanga. Kiwavi anayeanguliwa hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na akiguswa huchomoza nyuma ya kichwa pembe laini yenye panda na harufu kali. Kisha hujifunga tawini kwa uzi, akawa pupa.

Wenye ndimu humwita mharibifu, wala hatuwalaumu, maana mche mdogo huweza kumalizwa majani. Lakini mgeni hasa ni nani? Asili ya mndimu ni Asia. Kipepeo huyu ni mwenyeji wa Afrika, na kabla ya ndimu kuletwa alilelewa na miti ya kwetu ya ukoo huo huo, kama mjafari wenye miiba.

Leo mjafari twauona Kariakoo ukiwa magome na mizizi tu, mbele ya wauza dawa za miti shamba. Na mti uliochunwa gome pande zote hufa. Nyua nazo zinamezwa na maghorofa. Twaomba basi mjafari upandwe mjini, katika nyua zilizosalia na pembezoni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, kabla mndimu wa mwisho haujakatwa.