Kotmiri Kando ya Kivu

Kilichonipeleka Gisenyi ni maji. Sisi Wapemba tumeiona bahari ikipanda kwenye mabonde ya mpunga, na mrihani wa uani ukiungua ncha. Nilitaka kuona wenzetu wanaolima kando ya Ziwa Kivu, lenye chumvi yake, wanafanyaje.

Kutoka Kigali basi hupita Musanze, volkano zikiwa kulia, kisha huteremka hadi ziwani, mita 1,460 juu ya bahari. Kuta nyingi ni za mawe meusi ya lava, na Goma iko papo hapo, ng'ambo ya mpaka. Nilikwenda moja kwa moja ufukweni nikayaonja maji. Ulimi hausikii kitu: chumvi yake ni kama gramu moja kwa lita, bahari yetu ina 35. Tatizo ni aina yake. Ni maji ya bikabonati, magnesiamu na sodiamu, na pH yake hukaribia 9. Ukiyanywesha shamba kiangazi chote, madini ya chuma hufungika udongoni, na sodiamu huisonga potasiamu mlangoni mwa mzizi.

Mama mmoja anayelima seleri na kotmiri za kuuza Goma alinionyesha majani machanga yaliyopauka manjano, mishipa tu ikibaki kijani.

"Unayatibu kwa nini, Mama?"

"Napuliza mbolea ya majani yenye chuma, mwanangu. Lakini maji ya ziwa siyatii kwenye bomba."

Akanipeleka kwenye pipa lililokinga mvua ya bati. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Bikabonati ikikutana na kalsiamu hufanya chokaa, bomba likaziba na jani lisipate kitu. Maji ya mvua hayana udhia huo. Kufidia potasiamu inayosongwa, hupuliza pia nitreti ya potasiamu, akiichanganya nyepesi, gramu 5 kwa lita, maana ikikolea huunguza. Hupuliza jioni, hata chini ya majani, jua likishapoa.

Naiamini mbinu hii, ila kazi yake ni kulilisha jani wakati mzizi umezidiwa. Chumvi haiondoi. Gisenyi huondolewa na mvua, inayopenya upesi udongo wa volkano na kuishusha chini. Kwetu, bonde linaloingiwa na bahari kila bamvua litataka tuta kwanza. Mrihani wa uani ni jambo jingine: bati lipo, masika yapo. Nitanunua pipa kabla ya chupa ya mbolea ya majani.