Ni Deki Iliyochoka au Diski Iliyochakaa?

Chombo kilichokufa kabisa hakimsumbui mwenyewe kama chombo kinachofanya kazi leo na kugoma kesho. Taa ikiungua hubadilishwa, na shauri huishia hapo. Lakini deki ya kompyuta inayosoma dividii moja upesi na nyingine kwa kujikokota humtia mtu shaka, na mwenye shaka aghalabu hutupa kilicho kizima akabaki na kibovu.

Katika nyumba moja ya Buyenzi, mjini Bujumbura, shaka hiyo iliingia kwa sababu ya dividii tano za harusi iliyofanyika mwaka 2007. Baba wa bibi harusi amekwisha kufariki. Sauti yake, akimwombea dua binti yake siku ile, haikuhifadhiwa mahali pengine popote. Binti alipoanza kuzihamishia diski hizo kwenye kompyuta, deki ilikwenda mbio, ikapunguza mwendo, ikanguruma, kisha ikakimbia tena. Kaka yake alisema deki imezeeka, inunuliwe nyingine. Jirani alisema diski zimekwisha, zitupwe.

Binti huyo ni mshonaji wa nguo. Kwa kazi yake anajua kwamba uzi unapokatika-katika, fundi habadilishi uzi, sindano na cherehani kwa pamoja, kwani akifanya hivyo hatajua kamwe kosa lilikuwa wapi. Hubadilisha kimoja, akajaribu. Ndipo akaendelea na kingine. Aliamua kufuata njia hiyo hiyo.

Kwanza hapana budi kujua lipi ni ugonjwa na lipi ni maumbile ya chombo. Dividii husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kinyume cha santuri za gramafoni. Katika deki nyingi diski huzunguka kwa mwendo mmoja. Na kwa kuwa duara la ukingoni ni refu kuliko la katikati, kila mzunguko wa ukingoni huleta habari nyingi zaidi. Kasi ya 1 ya dividii ni karibu megabaiti 1.4 kwa sekunde. Deki iliyoandikwa kasi ya 16 huifikia kasi hiyo karibu na ukingo tu. Katikati huanza chini ya 7. Tena, dividii yenye tabaka mbili mara nyingi husomwa tabaka ya pili kutoka ukingoni kurudi katikati, na kasi hushuka polepole. Mpando na mshuko wa namna hiyo si kasoro.

Kasoro ni kasi inayoporomoka ghafula na kupanda tena. Diski hubeba tarakimu za ziada ambazo kwazo deki hurekebisha makosa madogo ya usomaji. Makosa yakizidi, deki hurudia mahali pale pale na kupunguza mzunguko ili leza ione vizuri. Basi kukawia huko si uvivu, bali ni jitihada.

Binti aliweka kwanza dividii ya sinema, mpya na safi. Mara ilisomwa upesi, mara taratibu, ingawa diski ilikuwa ile ile. Hiyo ilionyesha kwamba diski haikuwa na hatia. Deki yao ni ile ndogo ya kubebeka, nayo ilikuwa imeungwa kwa waya mrefu wa kurefushia, hata umeme ukaifikia kwa upungufu. Alipoiunga moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wake mfupi, mwendo ukatulia. Hakuna kilichonunuliwa.

Ndipo akarudi kwenye diski za harusi. Tatu zilisomeka bila taabu. Ya nne ilitetemeka kwa kishindo: ilibandikwa karatasi yenye picha ya maharusi, na karatasi imejikunja upande mmoja, ikaondoa ulinganifu wa uzito. Hakuibandua, maana kubandua kwa nguvu huweza kuharibu diski. Aliiamuru deki, kwa programu ya kompyuta, isome kwa kasi ndogo, na mtetemo ukaisha.

Ya tano ilikwama karibu na mwisho. Aliipeleka kwenye deki ya jirani, nayo ikakwama pale pale. Hapo hukumu ilikuwa wazi: diski ndiyo mgonjwa. Kama kila diski, hata iliyo safi, ingesomwa kwa shida katika deki yao na si katika ya jirani, lawama ingeiangukia lenzi yenye vumbi au leza iliyochoka.

Kwenye diski hiyo ya tano ndiko ilikokuwa dua ya baba. Mama alimwambia bintiye, "Mwanangu, ukinipatia sauti yake, picha na iende."

Aliifuta kwa kitambaa laini chenye maji safi, akitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kufuta kwa kuzungusha si vema, kwani mkwaruzo unaofuata njia ya maandishi huharibu habari nyingi zinazofuatana, ambapo mkwaruzo unaoikata njia huharibu kidogo kidogo tu, na deki huweza kurekebisha. Hakutumia petroli wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, maana vitu hivyo huweza kuharibu plastiki. Kisha akaiacha isomwe kwa kasi ndogo usiku kucha.

Asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Picha imekatika mahali pawili, na maneno machache yamepotea pamoja nayo. Lakini dua ipo, na mama aliisikia.

Diski zinazorekodiwa nyumbani na studio hubeba rangi maalumu inayoharibiwa na jua na joto. Yafaa zisimamishwe ndani ya makasha yake, mahali penye kivuli, na nakala ziwekwe katika nyumba mbili. Na diski yenye kitu kisichopatikana tena ikianza kukawia, inakiliwe siku hiyo hiyo, maana diski inayosomeka leo kwa taabu huenda kesho isisomeke kabisa.